ULIZA TUKUJIBU: Watafiti, wabunge na yale mahindi yenye sumukuvu

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja, watu wa maabara na watu wa bungeni wanaongeaje, na kama wanaongea kweli au wanapishana tu koridoni. Ya kwanza nimeijibu kirefu manake ndo ngumu, zilizobaki tutaenda nazo haraka haraka.

*Shikamoo mwandishi. Mi ni mtafiti kijana hapa Morogoro, nafanya kazi kwenye sumukuvu, ile sumu ya fangasi, ya mahindi na karanga. Tumemaliza utafiti, tuna ripoti ya kurasa 140 kwa Kiingereza. Nilimpelekea mbunge wa kwetu nakala, nzuri kabisa imepigwa jalada, akaipokea, akashukuru, tukapiga picha. Baada ya hapo kimya, hata meseji hajibu. Hivi wabunge hawapendi sayansi au mi ndo nakosea njia? Nianzie wapi?*
Mtafiti kijana, Morogoro

Marahaba mwanangu. Kwanza usimnunie mheshimiwa bure, kurasa 140 za Kiingereza hata mi nisingesoma, ningeziweka juu ya kabati wageni wazione. Jiulize, ulitaka afanye nini nazo? Mle ndani mbunge anaweza kuuliza swali kwa waziri, anaweza kuchangia hoja, anaweza kupendekeza kifungu cha muswada kibadilishwe, anaweza kupigia kelele fungu la bajeti, na akijikaza sana analeta hoja binafsi. Basi. Ripoti yako haimwambii achague lipi hapo. Inamwambia sumukuvu ipo, halafu mwishoni inasema "utafiti zaidi unahitajika", sentensi ambayo nyie mnaipenda kweli kweli lakini mwanasiasa akiifikia anafunga kitabu, kwa sababu kwake maana yake ni kwamba hamjawa tayari, mtarudi mwaka kesho.

Kwa hiyo kabla hujamtafuta mtu yeyote, tafuta kwanza kitu unachotaka kibadilike kimeandikwa wapi. Hapa ndo wengi wanapotea. Chukua kile kikomo cha sumukuvu kwenye mahindi, sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla na 5 kwa ile aina kali inayoitwa B1. Ukitafuta kwenye sheria zilizopitishwa na Bunge hukioni, kimo kwenye kiwango cha Afrika Mashariki na kwetu msimamizi wa viwango ni TBS, Shirika la Viwango. Sasa ukimfuata mbunge akubadilishie namba hiyo unamuonea tu, mlango wake uko TBS kwa wale wataalamu wanaokaa kutunga viwango. Lakini kama unachotaka ni pesa za vikaushio na vifaa vya kupimia kule vijijini, hiyo ni bajeti, na Bunge la bajeti linakaa Dodoma kuanzia Aprili mpaka Juni, ukifika Juni mwishoni na bahasha yako umechelewa, hesabu zilishapangwa wizarani miezi kibao nyuma. Kama ni nani ana mamlaka ya kuingia ghalani kukagua, hiyo ni sheria, subiri muswada au omba uletwe. Na kama ni kanuni, hizo anasaini waziri, Bunge linakuja kuzipitia baadaye kwenye Kamati ya Sheria Ndogo.

Na usidanganyike na majina ya miswada. Mwaka 2019 udhibiti wa chakula ulitolewa TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, ukapelekwa TBS, na TFDA yenyewe ikageuka TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba. Jambo kubwa kama hilo kwa mtu wa sumukuvu lilipita wapi? Kwenye Sheria ya Fedha, ile inayoletwa na bajeti kila mwaka watu wakisikiliza bia imepanda shilingi ngapi. Mtafiti aliyekuwa anasubiri muswada wenye neno chakula kwenye jina alikuja kukuta ofisi imehama. Kanuni nazo si za kudharau, wenzako wa bioteknolojia wanajua vizuri, kanuni za mazingira za 2009 zilimbebesha mtu dhima yote ya madhara hata kama hana kosa, hakuna aliyethubutu kupanda kitu, zikalegezwa 2015 na ndo mwaka uliofuata jaribio la kwanza la mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, likaanza Makutupora pale Dodoma. Baadaye serikali ikayasimamisha majaribio yale, hiyo ni habari nyingine na ina ubishi wake, ninachokuonyesha ni kwamba mlango ulifungwa na kufunguliwa na karatasi ambayo haikujadiliwa ukumbini.

Sasa ikiwa kweli jambo lako ni la Bunge, achana na ukumbi, nenda kamati. Muswada ukisomwa mara ya kwanza hakuna mjadala, unasomwa jina tu unapelekwa kamati, na kamati inaita wadau watoe maoni kwa mdomo au kwa maandishi. Hapo ndo jikoni. Ukisubiri mpaka usomwe mara ya pili pale kwenye kamera, mbunge ana dakika zake chache, chama kishaongea, waziri kashajipanga, huko ni kuhutubia wananchi tu. Tatizo ni kwamba watu wa viwanda na wafanyabiashara wakubwa wanaijua njia hiyo siku nyingi, wanafika kamatini na karatasi yenye safu mbili, kushoto kifungu kilivyo, kulia kifungu wanavyotaka kisomeke, na sababu mistari mitatu chini. Mtafiti anafika na slaidi 40, ya kwanza ina nembo za wafadhili, ya kumi bado yuko kwenye mbinu za utafiti, mwenyekiti anamwambia malizia. Kati ya hao wawili we ungemchukua nani? Ikija miswada ya hati ya dharura ndo balaa zaidi maana muda unabanwa, kwa hiyo karatasi ya safu mbili inatakiwa iwe tayari kabla muswada haujazaliwa.

Karatasi yenyewe iwe fupi na iwe Kiswahili. Uingereza bunge lao lina ofisi yake ya sayansi toka 1989, inaitwa POST, na zile noti zake za kwa wabunge zilijulikana kwa kurasa nne, nchi yenye wanasayansi wote wale, kurasa nne. We andika mbili. Kiswahili kwa sababu Bunge letu linajadili kwa Kiswahili na tangu 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria, mbunge akinyanyuka na karatasi yako asianze kutafsiri akiwa amesimama, atatafsiri vibaya na lawama itakurudia. Anza na kilichotokea kwake. Mwaka 2016 watu waliugua matumbo kujaa, macho ya njano, wakafa kama 20 kule Chemba, Kondoa na Kiteto, chanzo mahindi. Kenya mwaka 2004 upande wa Makueni na Kitui walikuwa na wagonjwa 317, wakafariki 125, mahindi yalihifadhiwa na unyevu, na sokoni walipopima zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa zimevuka kikomo cha wakati ule cha 20. Mbunge wa Chemba humwelezi habari za fangasi kwa jina la Kilatini. Mwambie kupika hakuitoi sumu hiyo, na kwamba mahindi yanaweza kuonekana safi na bado yanayo, kwa hiyo kumwambia mama achambue yaliyooza kunasaidia ila hakumalizi kazi. Halafu mwambie kuna nini cha kufanya, kukausha mapema, turubai, vihenge vya chuma na mifuko isiyopitisha hewa, ile Aflasafe, fangasi wasio na sumu wa kumwaga shambani wawazuie wenye sumu, kupima sokoni, kila kimoja kina gharama gani na kinamfikia nani. Kama gharama hujui katafute kwa mchumi, usije bila hiyo, ni swali la kwanza utakaloulizwa.

Halafu kuna mstari, uangalie usiuvuke kwa furaha ya kuitwa kamatini. We unajua kwamba sumukuvu inaleta saratani ya ini, hilo lishathibitika duniani, liseme bila kugugumiza. Lakini pesa ziende kwenye vikaushio au kwenye zahanati ya kijiji, utafiti wako haujui. Hiyo ni kazi ya aliyepigiwa kura. Ukitaka kusema sema kama mwananchi, na useme kabisa kwamba hapa naongea kama mwananchi. Na kile usichokuwa na uhakika nacho kitenganishe, "hiki tunajua, hiki tunadhani, hiki bado". Usidhani wabunge wataona udhaifu, wameshazoea watu wanaokuja na uhakika wa asilimia mia kwenye kila kitu, na wanajua hao wanauza kitu.

Mwisho kwenye hili, acha kumkimbilia mheshimiwa peke yake. Kuna katibu wa kamati, kuna watumishi wa Bunge wanaofanya utafiti, kuna yule afisa wizarani ambaye ndo anaandika majibu anayosoma waziri. Hao wanapokea simu, wanabaki hata uchaguzi ukimuondoa mbunge. Na pitia kwenye taasisi yako, mkurugenzi asikuone kwenye TV kwanza. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, nao toka sheria yao ya 1986 kazi yao mojawapo ni kuishauri serikali kuhusu sayansi, kwa hiyo wagongee.

*Habari ya huko. Huku kwetu wabunge wengine hata fotosinthesisi hawajui na ndio wanapiga kura kuhusu GMO na chanjo. Si mkubali tu kwamba shida ni elimu? Tuweke sharti, kamati ya sayansi iwe ya wenye digrii za sayansi peke yake.*
Mwanafunzi wa chuo, Nairobi

Njema, karibu. Nakuelewa lakini sikubaliani nawe. Wanasayansi bungeni wapo na wamekuwepo, Wangari Maathai alikuwa na PhD ya anatomia ya mifugo toka 1971 kabla hajawa mbunge wa Tetu, kwetu huku Faustine Ndugulile daktari wa mikrobiolojia alikuwa mbunge wa Kigamboni mpaka akachaguliwa kuongoza WHO kanda ya Afrika mwaka 2024, akafariki kabla hajaanza kazi, Mungu amrehemu. Wanasaidia sana. Ila mtu wa anatomia akiletewa muswada wa nyuklia naye anakuwa mgeni kama wengine.

Tena mfano wako wa GMO unakugeuka. Septemba 2012 ulitoka utafiti wa Séralini wa Ufaransa, panya waliolishwa mahindi ya GMO wakaota uvimbe, picha zikazunguka dunia nzima. Novemba hiyo hiyo baraza la mawaziri la Kenya likapiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO. Panya wenyewe walikuwa kumi kumi kwa kila kundi na ni wa jamii ambayo ikizeeka inaota uvimbe hata ikila chakula cha kawaida, wanasayansi wengine wakalisema hilo mapema sana, na Novemba 2013 jarida likauondoa utafiti ule. Marufuku ikabaki. Imekuja kuondolewa tarehe 3 Oktoba 2022, karibu miaka kumi, na kesi zikafuata mahakamani. Sisemi GMO ni nzuri wala mbaya, hilo waachie wenye shamba na wenye maabara. Nasema nchi ilikuwa na Sheria ya Usalama wa Viumbe ya 2009 na mamlaka yake ya kupima mambo haya, halafu uamuzi ukatoka ndani ya wiki chache utafiti mmoja ukiwa bado moto, na mawaziri waliokaa mezani ni watu waliosoma. Digrii ingesaidia nini pale? Kilichokosekana ni mtu wa kusema hebu ngojeni, huu ni utafiti mmoja, tuulize wengine wanaonaje, na akasikilizwa.

We tumia kile mlicho nacho, manake Kenya mko mbele kwenye hili. Kifungu cha 118 cha katiba kinalilazimisha bunge kushirikisha umma, cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Tangazo likitoka gazetini la kuomba maoni andika memoranda upeleke kwa karani wa bunge, hata kama ni mwanafunzi. Na kanuni za mawaziri toka sheria ya 2013 lazima ziwekwe mezani bungeni, na bunge lina uwezo wa kuzifuta. Wangapi darasani kwenu wanajua hilo?

*Nifanye nini kama matokeo yangu yatamuudhi mkubwa? Nina familia.*
Hakutaka kutaja mkoa

Sitakwambia uwe shujaa, shujaa ni rahisi kumshauri ukiwa umekaa kwenye kiti kama changu. Unakumbuka Desemba 2016, Dkt. Mwele Malecela akiwa mkurugenzi wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, alitangaza matokeo ya utafiti kuhusu kirusi cha Zika. Kesho yake wizara ikasema hakuna mlipuko, siku haijapita nyingine uteuzi wake ukatenguliwa. Baadaye alienda WHO akaongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mpaka alipofariki 2022, kwa hiyo uwezo wake haukuwa na shaka hata kidogo. Angalia lakini hapo katikati, maabara inaweza kukuta dalili kwenye damu kwamba watu waliwahi kukutana na kirusi, na hilo ni tofauti kabisa na ugonjwa kulipuka, ila kichwa cha habari hakina nafasi ya maneno yote hayo. Mi naona hakustahili kilichompata. Na bado nakwambia, matokeo mazito yafike wizarani kwanza, kwa maandishi, na tarehe, pamoja na sentensi mbili za Kiswahili ulizoziandika mwenyewe za kusema hii ina maana gani na haina maana gani, kabla mwandishi kama mimi hajakuandikia za kwake.

Kitu kingine, jua sheria inayokugusa we mwenyewe. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa ikawa ni kosa kutoa takwimu zinazopingana na za serikali, Benki ya Dunia ikalalamika, Juni 2019 Bunge likairekebisha. Inawezekana, kumbe, kurudi nyuma. Ila pale waliosikika ni wenye pesa, watafiti wenyewe sauti ilikuwa ndogo.

*Mwandishi, mi ni Mtanzania nafanya biashara Kampala. Hawa jamaa bunge lao lilipitisha sheria ya GMO, rais akakataa. Sasa wanasayansi walifeli wapi wakati wabunge walishawapata?*
Mfanyabiashara, Kampala

Walipata bunge mara mbili ndugu yangu. Oktoba 2017 muswada ukapita, Desemba Museveni akaurudisha, Novemba 2018 ukapita tena ukiwa na jina jipya, akaukataa tena 2019. Watafiti wa NARO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, pale Kawanda walikuwa na hoja nzito, mnyauko wa migomba unamaliza matoke na wao walikuwa na migomba ya majaribio inayoustahimili, wabunge wakapelekwa mpaka shambani wakaona. Nadhani waliongea sana kuhusu mgomba na kidogo kuhusu mwenye mgomba. Barua ya rais iliuliza vitu ambavyo maabara haina jibu lake: hataza, ile haki ya kumiliki ugunduzi, ikienda kwa aliyebadilisha jeni, wale mababu waliochagua na kutunza mbegu miaka yote wanapata nini? Mbegu za asili zitalindwaje zisichanganyike? Ni maswali halali hayo, hata kama humpendi anayeuliza. Na kwenye raundi ya pili wabunge wakaweka dhima kali kwa mwenye teknolojia kosa liwe lake lisiwe lake, watafiti wenyewe ndo wakageuka kulalamika kwamba muswada sasa unawafunga mikono. Ukitaka mtu akusaidie, ujue anaogopa nini kabla hujaanza kumweleza unachokijua.

*Mwandishi salaam. Mimi ni mkulima, nauza Kibaigwa. Hao watafiti wako wanakuja na vifuko vyao wanachukua mahindi yetu wanaondoka, majibu hatuyaoni. Siku tunasikia Kenya wamefunga mpaka, mahindi yetu yana sumu. Sasa hiyo sayansi na hao wabunge wanamsaidia nani?*
Mzee wa Kongwa

Shikamoo mzee wangu. Hasira yako ina haki yake. Ile ya mpakani ilikuwa tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ikaandika barua ya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakasimama Namanga, siku chache baadaye wakafungua kwa masharti, mwagizaji asajiliwe na mzigo uwe na cheti kwamba uko chini ya zile 10. Wanasiasa wa pande zote wakaongea sana wiki ile, wengine wakasema ni vita ya biashara. Inawezekana kulikuwa na biashara ndani yake, mi sibishi. Lakini namba kumi hawakuibuni siku ile, ni ya jumuiya yetu wote, na sumukuvu kweli ilishaua watu kwao na kwetu. Kilichokuuma ni kwamba namba hiyo ilikaa kwenye makabati ya wataalamu miaka na miaka, ikakufikia wewe kwa njia ya lori lililorudishwa.

Uliletwa mradi wa wizara ya kilimo unaitwa TANIPAC, kwa ajili ya sumukuvu hasa, pesa zikapitia Benki ya Maendeleo ya Afrika. Muulize diwani na mbunge wako Kongwa imepata nini kwenye huo, waulize hadharani kwenye mkutano, swali la mkulima mbunge analibeba mpaka Dodoma haraka kuliko ripoti ya yule kijana wa Morogoro hapo juu, na Dodoma kwenu ni pua na mdomo. Mwambie aulize pia sokoni nani anapima, kwa bei gani, na mzigo ukikutwa na sumu mkulima anafidiwa au anaachwa nao, hili la mwisho sijasikia mtu akilizungumza kwa uzito. Na kijana akija tena na vifuko, mwambie aache namba ya simu na jina la ofisi yake kwa mtendaji wa kijiji, majibu yarudi hapo hapo kwa Kiswahili kabla hayajaenda kwenye jarida, akikataa naye arudishe mahindi. Unyevu wa mahindi yako uwe chini ya asilimia 13.5 kabla hujafunga gunia mzee, na yasikae kwenye udongo, weka turubai.

Barua za mwezi ujao naona nyingi ni za chanjo za mifugo na bei ya heleni zake za utambuzi, tutaanza na hizo.